Uganga Mmoja, Kiongezi Kimoja

Jumapili, 3 Machi

Dada yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, katikati ya mvuke na mashuka. Mimi sijambo. Mama naye hajambo kuliko ulivyomwacha: anatembea kutoka kitandani hadi dirishani bila kushika ukuta, halafu anasimama pale kuwatoa kasoro wapita njia. Mkono wa kulia bado mzito, lakini ulimi umepona kabisa, majirani wote ni mashahidi. Je, wewe? Kifua chako na hizo dawa za kufulia vinaelewana?

Najua tangu uondoke Agosti unamwandikia Mama tu, na mimi unanitaja mwishoni: "msalimie na huyo Hakimu." Nimesalimika. Sasa nakuandikia mwenyewe, kwa sababu ya meza yetu ya mchezo wa hadithi.

Hatukumuua mhusika wa mtu. Nataka ulijue hilo kwanza. Ulipoweka dadu chini ukatoka, nilifunga kitabu cha sheria na mchezo ukasimama palepale. Kiti chako kipo katika chumba cha nyuma cha duka la Mama Cherehani, kati ya meza ya kukatia vitambaa na makasha ya vifungo, na kete yako imelala kifudifudi mbele yake, kama desturi yetu inavyotaka mchezaji akiwa hayupo. Hakuna aliyeigusa. Mteja mmoja alitaka kukikalia kiti akisubiri suruali yake, Mama Cherehani akamfukuza kwa mkasi.

Naieleza hali ilivyo, kama mimi Msimulizi wenu ninavyopaswa kufanya kila tukianza kucheza, ili baadaye pasiwe na "mimi sikuelewa." Daraja limekatika. Kidole Chepesi, mwizi anayechezwa na Fundi Saa, ananing'inia kwenye kamba ya kushoto. Chuma Chakavu, shujaa wa Mama Cherehani, ananing'inia kwenye kamba ya kulia, na deraya yake yote mwilini. Chini ni mto. Wewe, Kaalamoto, mganga pekee tuliye naye, umesimama ukingoni na umebakiwa na uganga mmoja: Unyoya, unaomfanya mtu awe mwepesi asianguke. Unyoya humshika mtu mmoja kwa pumzi moja, na kufika ng'ambo kunataka pumzi mbili. Una viongezi viwili vinavyofaa hapa. Kupacha huufanya uganga ushike watu wawili badala ya mmoja. Kurefusha huufanya udumu pumzi mbili badala ya moja. Uliomba vyote viwili kwa pamoja, nikakataa, kwa sababu sheria iko wazi: uganga mmoja, kiongezi kimoja. Ukichukua Kurefusha, anapona mmoja. Ukichukua Kupacha, wanaelea wote wawili pumzi moja, halafu wanadondoka wote.

Fundi Saa amepata kazi mji mwingine. Anaondoka mwisho wa Julai. Miaka minne tumecheza Jumamosi kwa Jumamosi, na sitaki hadithi yetu iishie ikining'inia. Niandikie tu: kiongezi gani, na nani.

Mdogo wako


Jumapili, 24 Machi

Dada,

Hujambo? Sisi wazima. Mama amefika hadi mlangoni leo, akachungulia, akarudi akisema nje hakuna jipya.

Kimya chako nimekisoma mara nyingi kuliko ambavyo ningeisoma barua. Sina hakika kimesema nini, kwa hiyo nakupa habari za meza, labda hizo zitakutoa pangoni.

Jana Fundi Saa alikuja na lupa yake, ile lenzi ya kukagulia saa, bado imebandikwa jichoni, akatangaza: "Mimi nauhama mji, basi na mwizi wangu auhame ulimwengu. Aiachie kamba, dada yako amwokoe Chuma Chakavu, tumalize."

Mama Cherehani akaichomeka sindano kwenye mto wake taratibu sana. "Kwa hiyo mimi niokoke kwa huruma yako? Nani alikuomba?"

"Mama, ni mchezo."

"Kama ni mchezo, mbona unajifanya mfia dini? Chuma Chakavu naye anaachia. Tena anaachia kwanza."

"Huwezi kuachia kwanza, mimi ndiye niliyeanza kusema!"

Wakagombania kufa mpaka wateja wakaja kuchungulia. Nikawaambia hakuna anayeachia kitu, zamu ni ya Kaalamoto, na asiye na zamu hana hata ruhusa ya kufa. Tangu hapo Mama Cherehani hanisemeshi. Blauzi niliyompa anirekebishie imerudi na mkono mmoja umeshonwa ukazibwa.

Tafadhali jibu. Uamuzi wangu haujabadilika, lakini ningependa kubishana na wewe kuliko kukubaliana na watu wengine.

Mdogo wako


Jumapili, 7 Aprili

Kwako Hakimu,

Nianze na salamu kabla hujanihukumu kwa kuziruka. Hamjambo hapo nyumbani? Mimi mzima, kifua safi, isipokuwa vidole vyangu vinaonekana kama vilivyochemshwa, na kwa kweli vimechemshwa. Mwambie Mama nimemwota akimkaripia mwenye nyumba, nikaamka nikicheka.

Hukuuliza, lakini nikwambie niko wapi. Niko chini ya hoteli, orofa ambayo wageni hawajui kama ipo. Chumba hakina dirisha. Asubuhi tunaijua kwa taulo na jioni tunaijua kwa vitambaa vya meza. Mashine zinanguruma hivi kwamba tunaongea kwa mikono, na nimejifunza kutukana kwa kidole gumba. Wamenipa pasi kubwa, ile ya rola, inayomeza shuka limekunjamana na kulitema limenyooka kama barua ya serikali. Naielewa na yenyewe inanielewa.

Sasa zamu yangu. Nimetafakari, na jibu ni hili: Kupacha NA Kurefusha. Nimetupa dadu juu ya meza ya kukunjia, saa ya mapumziko, mbele ya mnyapara wetu, mwanamke asiyecheka hata ukimtekenya. Kumi na tisa kati ya ishirini. Sahihi yake hiyo hapo chini.

Na usiniambie sheria. Sheria gani inamwambia mwenye mikono miwili atumie mmoja? Hiki ninacho, na kile ninacho. Nguvu za kugharamia vyote viwili ninazo, ziko wazi kwenye karatasi yangu ya mchezo. Asiye nacho mnamnyima, na mwenye navyo mnamnyima pia. Hicho kitabu chako kinaogopa nini?

Dada yako

Mimi, mnyapara wa zamu ya asubuhi, nathibitisha kwamba nimeona kidude cha pande nyingi kikisimama kwenye 19. Sijui ni cha nini. Mapumziko yalikuwa hayajaisha.


Jumapili, 21 Aprili

Dada,

Nashukuru Mungu umeandika, na nashukuru kifua ni kizima. Mama amesomewa barua yako mara mbili, ya pili kwa ajili ya mnyapara. Anasema huyo ndiye mtu wa kwanza mwenye akili uliyewahi kufanya naye kazi.

Meza imeijadili dadu yako. Fundi Saa kasema dadu iliyotupwa mbele ya mnyapara ni halali kuliko zetu sisi. Mama Cherehani ameuliza kama mama huyo anaweza kuja kuwasimamia mafundi wake hata kwa wiki moja. Kumi na tisa tumeikubali. Viongezi viwili sijavikubali.

Umeuliza kitabu kinaogopa nini, na swali hilo nimekuwa nalo muda mrefu kabla yako. Watu hudhani kiongezi ni nguvu. Mimi naona kiongezi ni swali: katika hali hii, kitu gani ni muhimu zaidi? Idadi ya watu? Muda? Haraka? Siri? Mganga anayachagua majibu yake, na hapo ndipo tunapomjua ni mtu wa namna gani. Ukiruhusu viongezi vipandiane, swali linakufa. Weka Kupacha juu ya Kurefusha, weka Kuzidisha juu yake, weka Kuharakisha juu ya vyote: Kaalamoto angemuua joka kabla hajamaliza kupiga mwayo, na Fundi Saa na Mama Cherehani wangekaa Jumamosi nzima wakimtazama mtu mmoja akicheza peke yake. Sheria ile haimpunguzi mganga. Inawaachia wengine nafasi mezani.

Kipo kiongezi kimoja tu kinachoweza kupanda juu ya kingine, nacho ni Kunyamazisha, kinachomwezesha mganga kufanya uganga bila kutamka neno. Kinaruhusiwa kwa sababu maelezo yake yenyewe yanasema "hata kama kiongezi kingine kimekwisha kutumika." Vingine havina maneno hayo. Kitabu kikitaka kusema jambo, kinasema. Wewe unacho Kunyamazisha tangu mwaka wa kwanza, na hujawahi kukitumia, kwa sababu haijawahi kutokea siku ukakubali kunyamaza.

Kwa hiyo chagua, dada. Na nikuulize jambo ambalo halimo kitabuni: kweli mtu anaacha nyumba, mama, na mdogo wake, kwa ajili ya hukumu ya kete?

Mdogo wako


Jumapili, 12 Mei

Mdogo wangu,

Hamjambo nyote? Mimi sijambo. Nimeanza barua hii mara kadhaa, na kila mara mashine inaita.

Sikuondoka kwa ajili ya kete, usijipe ukubwa. Barua ya kazi hii nilikuwa nayo mfukoni siku ile, nimekaa nayo hapo mezani. Nilikuwa sijaamua. Halafu ukasema, kwa ile sauti yako ya kufunga mlango: "Dada, mganga mmoja hawezi kushika watu wawili kwa muda mrefu. Chagua." Nikakutazama usoni. Hukuwa na habari kabisa.

Tangu Mama aanguke, Unyoya nilikuwa mimi. Nilikushika wewe na masomo yako, nikamshika Mama na kitanda chake. Watu wawili, si kwa pumzi mbili, kwa miaka. Nilipachwa, nikarefushwa, na hapakuwa na mtu aliyefungua kitabu akasema, jamani, hii hairuhusiwi. Nikajiuliza: sheria nzuri namna ile, mbona inamlinda joka na hainilindi mimi? Nikaenda kufunga mizigo.

Sisemi ulikosea. Ulipatia, na ndicho kilichoniuma. Na sisemi hufanyi kitu. Barua za Mama anaziandika Mama Cherehani kwa niaba yake, na yule hajui kuficha. Najua tangu Agosti unamwogesha wewe, unamgeuza wewe, na jioni unamsomea sheria za mchezo mpaka anasinzia. Maskini Mama.

Ila nikwambie kitu cha huku. Nimefundishwa kukunja shuka la kitanda kikubwa. Mtu mmoja akijaribu, pembe zinaburuta sakafuni na shuka linarudi kufuliwa; nimejaribu, nina kichwa kigumu, unanijua. Wawili, mmoja kila upande, mnavuta, mnatembea mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena, kwisha. Mwenzangu ni mama mmoja ambaye hata jina langu halijui vizuri, na shuka linatoka limenyooka. Hapo nikaukumbuka ule ukurasa ambao hatujawahi kuugusa: Kushikiana. Waganga wawili, uganga mmoja, kila mganga analeta kiongezi chake kimoja. Kitabu chenyewe kinasema, Hakimu, si mimi. Lakini mganga wa pili tungemtoa wapi? Meza ina mwizi, ina shujaa, na ina wewe uliyekaa juu yetu sote.

Basi. Ile kumi na tisa yangu ifuteni. Kati ya wale wawili, mimi sichagui. Sikuchagua Agosti, na leo pia sichagui.

Dada yako


Jumapili, 9 Juni

Dada yangu,

Salamu kutoka kwa Mama, kwa Fundi Saa, kwa Mama Cherehani (ameufumua ule mkono wa blauzi), na kwangu. Sote wazima.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa ya kisheria. Nikaona nifanye kwanza, niandike baadaye.

Uamuzi wa darajani ulikuwa sahihi na nitaufia. Kuhusu nyumba, hukuwahi kupewa uamuzi wowote, kwa hiyo nautoa sasa, na ni uleule: uganga mmoja, kiongezi kimoja. Nimemaliza mitihani. Nimeajiriwa ofisi ya ramani, mtaa wa pili kutoka nyumbani. Kazi yangu ni kuchora mistari ya miinuko, na unajua ninavyopenda mistari isiyokatana. Natoka alasiri. Mchana Mama anashinda dukani kwa Mama Cherehani akipanga vifungo kwa rangi na wateja kwa tabia. Nimeupanga mwaka mzima, na nimeupanga bila kukuweka wewe ndani yake. Ukitaka kurudi, rudi kama mgeni mwenye begi. Ukitaka kubaki na rola yako, baki bila kugeuka nyuma. Kamba hukuiachia, dada. Upande wa pili umepata mtu.

Sasa meza. Mganga wa pili ni mimi.

Najua unacheka. Nilidhani Fundi Saa atachukua kiti cha Msimulizi, akaniambia, "Nitasimulia vipi nami nimening'inia?" Mama Cherehani naye hivyohivyo. Basi Mama, kutoka kwenye makasha ya vifungo, akasema: "Mwaka mzima nimelala kitandani nikisomewa sheria hizo kuliko nilivyosikiliza redio. Leteni kitabu."

Nikaanza kumweleza utaratibu wa zamu.

"Msimulizi hapa ni nani?" akauliza.

"Ni wewe, Mama."

"Basi kaa chini usubiri zamu yako."

Fundi Saa alicheka mpaka lupa ikamtoka.

Mchezaji mpya huanzia ngazi ya kwanza, na Mama hanipunguzii hata nukta. Nina fimbo, nina uganga mmoja ambao ni Unyoya, na nina kiongezi kimoja. Nimechukua Kurefusha, ili cha kupacha kibaki chako. Jina langu la mchezo kachagua yeye: Kinda. Miaka minne nimekaa nyuma ya kile kibao cha kuficha karatasi za Msimulizi nikiwaamulia watu mvua na mauti, na sasa panya mkubwa anaweza kunimaliza. Jumamosi iliyopita nilipiga hodi kwenye ukumbi wa waganga, Mama akaniambia mlango umefungwa, nikasema kitabuni milango hiyo haifungwi, akasema huu umefungwa. Nilikaa nje ya mlango ule mchezo mzima. Sikuwahi kujua kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa upande wa kwenu.

Mwishowe Kinda amefika ukingoni. Amesimama nyuma ya Kaalamoto, anasubiri.

Kushikiana kunataka mikono ya waganga wawili juu ya kete moja, kwenye meza moja. Barua haikubaliki, hata iwe na sahihi ya mnyapara. Tunatupa dadu mara moja tu. Kumi na mbili kwenda juu, uganga umekubali. Na kwa mujibu wa kitabu, anayeitupa ni mganga wa ngazi ya chini, yaani mimi, ambaye sijawahi kuipenda bahati wala yenyewe hainijui.

Jumamosi, tarehe 20 Julai, mchana. Njoo.

Mdogo wako


Jumapili, 30 Juni

Kinda wangu,

Hamjambo? Mimi mzima ila nimechoka. Wageni wamejaa hotelini hadi kwenye ngazi, na kila mmoja analala kana kwamba anapigana na shuka.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya kapu la taulo, na sikuinuka haraka. Ile sehemu ya kamba sitaijibu kwa barua. Nitaijibu uso kwa uso.

Lakini kuna shida. Nimeomba ruhusa. Mnyapara akaniuliza ni msiba au arusi. Nikasema si msiba wala arusi, kuna watu wawili wananing'inia darajani tangu Agosti. Akanitazama. "Hawajachoka?" Kisha akasema ataangalia, na kwake yeye "nitaangalia" ni hapana iliyovaa koti. Amenifanya msaidizi wake mwezi huu, kwa hiyo kuondoka kumezidi ugumu. Na nikwambie ukweli wote: kazi hii naipenda. Nikija, nitarudi huku. Usije ukamwandalia Mama matumaini mengine.

Na swali moja, Hakimu, kabla sijabomoa mlango wa mnyapara. Tuseme nimefika, tumeweka mikono, umetupa dadu, ikakataa. Utamwomba Mama aibadilishe?

Dada yako


Jumapili, 7 Julai

Dada,

Sisi hatujambo. Mama nimemsomea yote, pamoja na kwamba utarudi huko. Akasema, "Kwani nani kamwomba akae? Aje aniletee taulo."

Jibu ni hapana. Dadu ikikataa, wataanguka wote wawili, wala sitamwomba Mama abadilishe, wala yeye hatakubali. Ningebadilisha, mwaka huu mzima ungekuwa kelele tu. Lakini wataanguka wakiwa wameshikwa na watu wawili. Hiyo ni habari nyingine kabisa, na mimi naweza kuibeba.

Usipofika, kete yako itabaki kifudifudi. Fundi Saa atapanda gari lake mwisho wa mwezi, na daraja litakaa hivyo lilivyo. Hakuna atakayekuchagulia.

Lakini utafika. Sijui ninavyolijua hilo. Nimekwisha kukufutia kiti vumbi.

Mdogo wako


Jumamosi, 20 Julai
(kwenye vipande vya karatasi ya kukatia mitindo, mezani)

Dada, karibu. Usinijibu kwa mdomo! Msimulizi ameamua kwamba mto unanguruma, hakuna anayemsikia mwenzake, na anayefungua kinywa anapoteza zamu. Fundi Saa amepoteza yake sasa hivi kwa kukuambia "karibu." Andika nyuma ya kipande hiki. Kete nimekuachia uigeuze mwenyewe. Ulikuwa wapi mpaka saa hizi? Mdogo wako


Nimeigeuza. Nilikuwa njiani, basi limeharibika kilimani, nimetembea na begi la taulo kichwani. Mnyapara kanipa siku mbili na salamu zenu: "Waambie wajishikilie." Mama kanenepa! Na amezidi ukali. Sasa niambie: kama hatusikiki, Unyoya tutautamkaje? Si una maneno yake? Dada yako


Ndipo alipotutega. Nimebishana kwa maandishi, kanirudishia karatasi bila kuisoma. Uganga usiotamkwa haufanyiki. Mimi nina Kurefusha tu, wala siwezi kuongeza kitu. Lakini wewe, dada, ikumbuke barua yangu ya Aprili. Kiongezi ambacho hujawahi kukitumia. Mdogo wako


"Hata kama kiongezi kingine kimekwisha kutumika." Naikumbuka, nilidhani unanisimanga. Haya, mwandikie Msimulizi: Kaalamoto analeta Kupacha, na juu yake Kunyamazisha, kwa idhini ya kitabu. Kinda analeta Kurefusha. Uganga mmoja, waganga wawili, na kwa mara ya kwanza maishani nimenyamaza. Anatikisa kichwa kwamba sawa! Umeona anavyojizuia kucheka? Weka mkono. Si hivyo, juu ya wangu. Dada yako


Nimeweka. Mama Cherehani ameshika kitambaa cha mteja na amekikunja chote. Usiutoe mkono mpaka isimame. Natupa. Mdogo wako


Wanangu,

Imesimama kwenye kumi na nne. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Unyoya umewashika wawili, kwa pumzi mbili. Kidole Chepesi na Chuma Chakavu wako ng'ambo, wamelowa, wanagombana nani alitangulia.

Mwandiko umepinda, mtausamehe. Mkono huu haujashika kalamu tangu nianguke.

Mto umetulia, mnaweza kusema sasa. Lakini kabla hamjaanza kelele zenu njoni mniinue, nimekaa sana. Asije mmoja. Njoni wawili, mmoja kila upande.

Mama yenu